Maji Kati ya Mbwa Wawili

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Fosia alifungua kamba kwenye kigingi, akachukua fimbo yake na kwenda kumtembeza mbwa. Kumtembeza mbwa halikuwa jambo la kawaida Lagdheer. Mbwa wa pale, kama mbwa wa makazi yote yaliyo kando ya barabara ya Tarbaj kwenda Kutulo, walijitembeza wenyewe. Lakini Gashan alikuwa mbwa wa kazi. Tangu angali mdogo alifuatana na mbuzi wa Fosia kuwalinda na fisi, na ukame ulipowamaliza mbuzi, alibaki hana la kufanya. Akaanza kuwachunga watoto wa majirani. Aliwazunguka, akawasukuma kwa pua mpaka ndani ya ua wa miiba, kisha akalala mlangoni na kukataa kuwaruhusu kutoka. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mume wa Fosia, Deeq, alikuwa ameondoka na ngamia waliobaki kuelekea Buna, hivyo hapakuwa na mtu mwingine wa kulitatua jambo hilo. Fosia aliona ni afadhali amchoshe mbwa kwa miguu kuliko agombane na kijiji kizima.

Kamba yake ilikuwa ndefu na fimbo yake pia. Mate ya mbwa yakikugusa, unapaswa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo Lagdheer ulikuwa mwingi kupita kiasi. Maji ndiyo yalikuwa shida, maana boza, lile lori la kuleta maji, lilikuwa halijapita tangu kabla ya Ramadhani.

Njia ya kutembea ilikuwa moja tu. Upande huu kulikuwa na lagha, ule mto mkavu uliokipa kijiji jina, na upande wa pili seng'enge ya Haji Korane. Ndani ya seng'enge kulikuwa na kisima cha mashine, jenereta, na tangi la chuma lililojaa mpaka likachuruzika. Kisima kilichimbwa kwa ajili ya Lagdheer nzima. Hata kibao cha kusema hivyo kilikuwapo, ila kilitazama ndani. Haji Korane alikabidhiwa ufunguo autunze kwa muda, na lazima tukubali kwamba aliutunza vizuri sana. Maji yalikwenda kwa ngamia wake na kwa matofali ya nyumba yake ya ghorofa. Ili watu wasisumbuke kuja kuuliza, alileta mbwa kutoka Nairobi, mweusi, mwenye kifua cha mbeba magunia, aitwaye Kamanda, akamwajiri Shuaib amtunze. Muuzaji alikuwa amemwonya kwamba mbwa wa namna ile asipotembezwa asubuhi na jioni huharibika akili.

Shuaib alikuwa mtoto wa kaka yake Fosia. Alimwita Fosia eeddo, yaani shangazi, naye Fosia, kama ilivyo desturi, alimrudishia jina hilohilo. Kwa hiyo watu wawili pekee waliotembeza mbwa katika nchi ile yote walikuwa wa nyumba moja, na walikutana kila siku kwenye njia isiyo na nafasi ya kupishana.

Mbwa hawakupendana tangu siku ya kwanza. Fosia na Shuaib walifanya walichoweza.

"Legeza kamba, eeddo," Fosia alimwambia. "Ukiivuta, anadhani na wewe unaogopa."

Shuaib alilegeza. Walijifunza kuonana kwa mbali na kuachiana njia mapema, mmoja akiteremka laghani na kuzunguka kwa upinde mpana, ili mbwa wasitazamane usoni. Walijifunza kutopiga kelele, kwa sababu mbwa akisikia kelele anafikiri umejiunga na vita. Fosia alijiweka katikati, kati ya mbwa wake na yule mwingine, akaburuta fimbo ardhini na kuongea na Gashan kuhusu mbuzi, mazungumzo yaliyomtuliza siku zote. Kwa njia hiyo walipishana, si kwa amani, lakini bila damu.

Siku moja upepo ulirusha mfuko wa nailoni ukamgonga Kamanda machoni. Mbwa akaruka, Shuaib akakanyaga mwiba, kamba ikakaza, na Gashan, aliyekuwa bado hajateremka laghani, akageuka. Wakawa pua kwa pua. Manyoya yaliwasimama kutoka shingoni hadi mkiani, midomo ikakunjuka, meno yakaonekana yote. Mbwa wanaotaka kuumana humwagiwa maji, kila mtu anajua. Fosia alitazama huku na huku kutafuta ndoo, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka alipo.

Hapo maji yakapanda.

Yalipanda kimya kutoka ardhini, kati ya zile pua mbili, mahali ambapo udongo ulikuwa umepasuka kwa jua. Hayakuruka wala kutoa povu. Yalienea polepole yakafunika alama za zamani za kwato za mbuzi zilizokauka njiani, yakafika kwenye vifundo vya miguu ya mbwa, nayo yalikuwa maangavu kiasi kwamba kila chembe ya mchanga ilionekana peke yake. Harufu ya mvua ya kwanza ilijaa njia nzima. Mbwa walinyamaza. Wakainamisha vichwa, kila mmoja upande wake, wakanywa. Fosia alihisi kifua kimemfunguka. Mara ya mwisho kuhisi vile alikuwa mtoto, alipopelekwa Garissa akauona mto Tana ukipita, na hakuna mtu aliyekuwa ameusukuma.

"Maji," alisema Shuaib.

"Naona."

"Matamu, au ya chumvi?"

"Mbwa wameshaweka ulimi. Hatutajua."

Walingoja mbwa washibe, kisha wakapishana. Maji yalirudi chini taratibu, na ardhi ikabaki na rangi ya kahawa mpaka magharibi.

Keshoye ilitokea tena. Kaaha, jirani wa Fosia mwenye mtoto mchanga, alimwona Gashan akirudi na miguu iliyolowa, akauliza imelowea wapi. Fosia akamweleza. Kaaha alisikiliza huku akimbadilisha mtoto ziwa.

"Kesho nakuja na mtungi," alisema.

Alikuja na mtungi, na nyuma yake Lagdheer nzima ilikuja na mitungi. Waliyaona maji yakipanda. Wazee walivua viatu. Ngamia waliokuwa wakipita walisimama wenyewe, shingo zimenyooka, wakatazama. Lakini mbwa walikunywa kwanza, na watu wakarudi na mitungi mitupu, kwa sababu hakuna ambaye angempa mtoto wake mabaki ya mbwa bila kumuuliza sheikh.

Sheikh Abdullahi alikuja siku iliyofuata. Alisimama ukingoni muda mrefu, akisoma kwa sauti ya chini, na machozi yalimteremka mpaka ndevuni. Kisha akajifuta kwa ncha ya kilemba, akauliza swali ambalo ni kazi yake kuuliza.

"Ni kiasi gani?"

Hukumu, alieleza, iko wazi. Maji yakifika kulla mbili, kile kipimo cha sheria cha maji mengi, mbwa akiyatia mdomo hayanajisiki, maadamu rangi, ladha na harufu havijabadilika. Yakipungua hapo, ni ya wanyama. Shuaib alipewa jembe, akachimba shimo pale mbwa walipozoea kukutana, dhiraa moja na robo kwa urefu, hivyo hivyo kwa upana, hivyo hivyo kwenda chini. Shimo likijaa, hata mbwa wakinywa, watu watachota. Lisipojaa, wataacha.

Ndipo ilipojulikana kwamba maji yalifuata hasira. Mbwa wakinguruma tu, shimo lililowa chini. Wakitoa meno, lilifika nusu. Damu ikitoka, lilijaa na kufurika, maji meupe, baridi, matamu kuliko yoyote yaliyowahi kunywewa upande ule wa Wajir. Watu wa Lagdheer si wakatili. Walikuwa na kiu, na nusu shimo ilikuwa haramu.

Kwa hiyo yale yote ambayo Fosia na Shuaib walikuwa wamejifunza yalianza kufanywa kinyume. Waliombwa wasizunguke, waje moja kwa moja. Waliombwa wakaze kamba. Waliombwa waachie mbwa watazamane vizuri, na vijana waliketi ukingoni wakipiga miluzi, jambo ambalo ni zuri sana kwa kumharibu mbwa. Kila jioni shimo lilijaa. Tetere walishuka kwa mamia, wakasimama kwenye mabega ya watu bila kuogopa. Akina mama walichota, wakaosha nyuso, na wengine walishindwa kuondoka, wakabaki wameinamia maji wakijitazama. Kila jioni pia Fosia alimrudisha Gashan nyumbani na jeraha jipya. Kwanza sikio, kisha bega, kisha shingo. Alimpaka manemane kwa kijiti kirefu. Shuaib alimpaka Kamanda dawa ya aina hiyohiyo upande wa pili wa seng'enge, na hakupenda kumtazama shangazi yake.

Haji Korane alisikia, akaja kuona mwenyewe. Alivua kofia mbele ya maji, tusimnyime hilo. Kisha akasema kwamba hasira ya Kamanda ni mali yake. Bila Kamanda, mbwa wa Fosia angekuwa anamngurumia nani? Wazee walikaa chini ya turubai kulijadili jambo hilo wakinywa chai, ambayo sasa ilikuwapo, na wakaona lina mantiki. Nusu ya kaskazini ya shimo ikawa ya Haji. Wafanyakazi wake waliichota kila jioni na kuipeleka kwenye matofali, wakipita chini ya tangi lililokuwa likichuruzika.

"Na lango?" Fosia aliuliza, akiwa amesimama nyuma ya wazee. "Kisima ni cha watu wote. Mbona hatuzungumzi habari za lango?"

Sheikh Abdullahi, ambaye si mtu mbaya, alimjibu kwa upole.

"Lango ni jambo jingine, binti yangu. Leo tumekutana kwa ajili ya shimo."

Baadaye alikuja afisa wa maji, mtu wa bara mwenye miwani ya jua. Sheikh akammiminia glasi, naye akainywa, akaufumba mdomo kwa kitambo kama mtu aliyekumbuka jambo la zamani. Fosia alimsogelea akamwambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Hii maji ya hasira, afisa. Mbwa nauma mwenzake ndio naleta. Kisima ya watu iko bale, imefungwa. Wewe ongea na yeye abate kufungua."

"Mama, mimi nimetumwa kuangalia kama maji yapo," alisema afisa. "Na yapo. Matamu kweli." Akaomba chupa moja ya kwenda nayo. Tangu siku hiyo Lagdheer iliondolewa kwenye njia ya boza.

Gashan alizidi kukonda. Hakula. Alipoona kamba alianza kutetemeka, lakini alisimama, kwa sababu alikuwa mbwa wa kazi na alidhani hii ndiyo kazi. Jambo hilo lilimuumiza Fosia kuliko majeraha yote. Alasiri moja kamba ilipofunguliwa, mbwa alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Akajaribu tena. Akalaza kidevu mchangani, akamtazama Fosia kama anayeomba radhi.

Kaaha alikuja akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Abaayo, dada yangu, watu wamefika."

"Hawezi, Kaaha."

"Hata kunguruma?"

"Akikutana na yule leo, atakufa."

Kaaha hakuwa mkorofi, na alimhurumia mbwa kweli. "Mtoto hajanywa kitu tangu asubuhi," alisema. "Maziwa yangu yanakauka nisipokunywa."

Fosia alimfunika Gashan kwa gunia, akachukua fimbo na ile kamba tupu, akatoka. Watu walikuwa wamepanga mitungi kuzunguka shimo, na Shuaib alikuwa ng'ambo, amemshika Kamanda. Walimwona akija bila mbwa. Aliwapita. Alipita shimo, akapita karibu sana na Kamanda ambaye, kwa kukosa mtu wa kumngurumia, aliketi chini. Akafika kwenye lango la Haji Korane, akaligonga kwa fimbo.

Haji alifungua mlango mdogo ulio ndani ya lango. Alimsalimia, naye akaitikia salamu yote mpaka mwisho.

"Fungua lango, Haji."

"Nitalifungua, inshallah. Mambo yakitengemaa."

"Yatatengemaa lini?"

"Fosia," alisema Haji Korane kwa sauti laini, sauti ya mtu anayetuliza mnyama, "mbona unakasirika? Maji si mnayo?"

Fosia alimtazama usoni. Hakuzunguka kwa upinde. Hakulegeza kitu. Aliwafikiria mbuzi wake waliolala hatua chache kutoka kwenye seng'enge hii, midomo yao imeelekea tangi, na mbwa aliyeomba radhi kwa kushindwa kuumwa, na hasira ikampanda kutoka kwenye nyayo.

Maji yalipanda nayo. Yalipanda kati yake na Haji, kisha kushoto na kulia kwao, urefu wote wa seng'enge, kimya kama yale ya mbwa lakini mapana kuliko jicho linavyofika. Yalimfika magotini, yakamfika kiunoni. Yalijaza shimo la sheikh na kulisahau, yakateremka laghani, na lagha ambayo vijana wengi hawakuwahi kuiona na maji ilianza kutembea, kwanza kwa uzito, ikibeba majani na miba, kisha kwa wepesi, ikimeta mpaka kwenye migunga ya mbali. Akina mama waliingia na nguo zao. Kamanda aliogelea. Ngamia walipiga magoti kandokando, mmoja baada ya mwingine. Sheikh Abdullahi alisimama ndani ya maji mpaka kifuani, mikono imeinuliwa, na hakupima chochote. Fosia alilia. Alikuwa na hasira na alikuwa na furaha, zote kwa pamoja, na hakujua ni ipi kati ya hizo iliyokuwa ikiyapandisha.

Maji yaliegemea lango. Lilikuwa lango zuri la chuma, kazi ya fundi wa Garissa, na lilistahimili.

Jioni hiyohiyo wazee walikutana na mambo yakapangwa. Sheikh alitoa hukumu kwamba maji ya Fosia ni safi, machache au mengi, kwani hayaletwi na mbwa, na watu walishukuru kwa wepesi huo. Haji Korane alikubali kutoka kila alasiri na kusimama mbele ya lango, kwa ajili ya kijiji, na alisifiwa kwa ukarimu wake. Baada ya muda aliletewa kiti. Hudai nusu ya kaskazini kama kawaida.

Gashan alipona, ingawa sikio moja halikurudi. Siku hizi yeye na Kamanda huonana njiani, hunusana, na hupishana. Shuaib anasema haikuhitaji ufundi wowote. Hakuna tena aliyetaka wagombane, nao wakasahau.

Fosia ndiye anayepelekwa sasa. Majirani humpitia baada ya sala, mmoja amemshika mkono huu, mwingine ule, wakizungumza naye kwa heshima kubwa. Njiani humkumbusha mambo. Humtajia mbuzi wake kwa majina. Humwelezea ghorofa ya pili ya Haji imefikia wapi. Kisha husimama nyuma yake na mitungi, wakingoja, na maji yanapopanda bado huvua viatu, bado hunyamaza, na wengine bado hulia.

Juzi Haji Korane alikuwa na homa. Aliletwa amejifunga blanketi, macho mekundu, akikohoa, mzee tu kama wazee wengine. Fosia alimtazama, na kabla hajajizuia akamuuliza kama amekunywa dawa. Maji yalitokea kidogo, yakalowesha kandambili za Fosia, yakasimama hapo.

Nyuma yake mitungi ilikuwa bado mitupu. Kaaha alimsogelea, akamwekea mkono begani.

"Abaayo," alimnong'oneza, "leo usimhurumie. Nina nguo za mtoto sijafua."

Fosia aliinua macho, akatazama juu ya kichwa cha mgonjwa. Tangi lilikuwa likichuruzika taratibu upande wa ndani, na chini yake palikuwa pameota majani mabichi ambayo hakuna mnyama aliyeruhusiwa kuyala. Akayatazama mpaka maji yakamfika magotini. Watu wakainama kuchota. Haji Korane aliinua miguu yake isilowe, akamwambia Shuaib arudi ahakikishe kwamba mlango mdogo umefungwa vizuri.